Mashati ya Fundi Kola

Mama Kiti alimwambia mtuhumiwa asimame, akazunguka meza, akakalia kiti cha mtuhumiwa, kisha akamwonyesha kile alichotoka yeye.

"Kaa pale," alisema. "Leo tubadilishane."

Mwanamume yule alisita. Alikuwa mpaka rangi wa majumba, wa miaka arobaini hivi, na madoa meupe yalikuwa yamemganda kwenye kucha tangu Jumatatu alfajiri, alipokamatwa nyumbani kwake huku mkewe akikimbizwa hospitali hajitambui. Sasa ilikuwa Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi. Akakaa.

Tabia hiyo ndiyo iliyompa mkaguzi huyu jina. Katika miaka ishirini na sita ya upelelezi hakuwahi kufunga faili kabla hajakalia kiti cha kila mhusika: kiti cha marehemu, kiti cha shahidi, benchi la mlinzi getini. Alisema mtu akikaa mahali pa mwenzake huona vitu ambavyo mwenzake hasemi. Askari wenzake walimcheka mpaka wakachoka wenyewe, na jina likabaki.

Pembeni, Koplo aliyekuwa akiandika maelezo alikohoa. Kwa hesabu zake shauri lilikuwa limekwisha. Mke ana alama za kipigo, jirani amesikia ugomvi, mume hana maelezo. Saa kumi jioni faili lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka, na Koplo alikuwa ameshalifunga kamba.

"Sikumpiga," mume alisema kabla hajaulizwa.

"Hilo umeshalisema. Nina jingine. Jirani anasema alikusikia unapiga kelele. 'Niangalie! Nasema niangalie!' Halafu kishindo. Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Labda nne."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa haniangalii." Alijitazama mikono. "Miezi mitatu, afande. Namsemesha mezani, anageukia ukutani. Naingia ndani, hainui macho. Usiku nalala pembeni yake, hana habari na mimi. Mtu mwenye hasira utamjua, atanuna, atabamiza milango. Huyu hakununa. Ilikuwa kama sipo."

"Ukadhani ana mwingine."

"Wewe ungedhani nini?"

Kalamu ya Koplo ilikimbia. Mama Kiti aliendelea kuuliza.

"Jumatatu ikawaje?"

"Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, ameshika kichwa. Nikamwita, akageukia dirishani. Nikamwita tena, vilevile. Nikamshika mabega nimgeuze anione. Akatapika palepale, akaanguka. Kichwa kikapiga sakafu."

"Ulimsukuma?"

"Nilimshika."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu," alisema.

Huko kwenye korido Koplo hakuweza kujizuia tena. "Afande, amekiri nusu. Na sababu ametupa mwenyewe, wivu. Tunangoja nini?"

"Nangoja kuelewa zile alama."

Alama hizo Mama Kiti alikuwa amezikagua jana yake wodini, muuguzi akimshikia shuka. Nyonga ya kushoto. Bega la kushoto. Kiwiko cha kushoto. Nyingine zilikuwa mbichi na nyeusi, nyingine zimeanza kugeuka manjano, maana yake hazikutokea siku moja. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa na makovu ya kuungua. Upande wa kulia, kuanzia kichwani hadi miguuni, hapakuwa na hata mkwaruzo. Mama Kiti alipima kutoka kisigino hadi katikati ya alama ya nyonga, akaandika: sentimita themanini na nane.

"Mume anatumia mkono wa kulia," Koplo alisema. "Ukisimama uso kwa uso na mtu ukampiga kwa mkono wa kulia, unampata kushoto. Hesabu imekaa."

"Imekaa. Lakini uso ni mzima. Wewe mkeo akikataa kukuangalia, ukapandwa na hasira, utampiga nyonga?"

Koplo alifikiri. "Sina mke, afande."

"Ndiyo maana nakuuliza mapema. Lete gari."

* * *

Karakana ya kushona ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Cherehani kumi na nne zilipangwa safu mbili, na kati ya safu palikuwa na njia nyembamba ya kupita mtu mmoja. Hewa ilinuka mvuke wa pasi na kitambaa kipya. Mkaguzi alipoingia, cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine, mpaka ikasikika feni tu.

Mwenye karakana, mzee mfupi aliyeitwa na wote Fundi Mkuu, aliwapeleka kwenye meza iliyokuwa wazi karibu na dirisha.

"Hapa ndipo mahali pake. Tulimwita Fundi Kola. Miaka kumi na moja amekaa hapa, na kola aliyoiweka yeye haijawahi kurudi. Ilikuwa hivyo mpaka juzi juzi."

"Juzi juzi kumetokea nini?"

Mzee alijikuna kidevu. Ilikuwa dhahiri hakupenda kumsema vibaya mtu aliyelala hospitali. Mwishowe aliinama, akavuta sanduku chini ya meza. Lilikuwa limejaa mashati ya shule, meupe, na juu yake majoho matatu ya kwaya, ya bluu.

"Yamerudishwa haya. Mashati thelathini na sita. Angalia mwenyewe."

Mama Kiti alichukua shati moja. Kola ilikuwa imekaa sawasawa. Vifungo vya mbele vilikuwa vyote. Mkono wa kushoto ulikuwa umepigwa pasi ukanyooka kama karatasi, una kifungo chake kwenye ncha. Mkono wa kulia ulikuwa na makunyanzi, ncha yake haina kifungo, na uzi wa kushikizia haujatolewa. Alichukua la pili. Mkono wa kulia. La tano, la tisa, vivyo hivyo.

"Siku zote ni mkono wa kulia?" Koplo aliuliza.

"Ingekuwa hivyo ningeelewa," Fundi Mkuu alisema. "Tazama joho. Pindo la kulia limeshonwa vizuri. La kushoto limeachwa linaning'inia. Shati limeharibika kulia, joho limeharibika kushoto. Hakuna mpangilio. Nikajua ni uzembe tu. Nilimsema, tena mbele ya watu. Akaniangalia kama mtu asiyejua anasemwa kwa kosa gani. Akachukua lile shati, akaligeuzageuza, akaniambia, 'Mbona limekamilika?'" Mzee aligeuza uso. "Nilikasirika sana. Nilimwambia asinifanye mjinga. Leo najuta."

Mama Kiti alivuta kiti cha Fundi Kola, akakaa.

Kwa dakika nzima hakufanya kitu. Koplo aliijua hali hiyo, akangoja. Dirisha lilikuwa kulia kwa mkaguzi, kushoto kwake ile njia nyembamba. Juu ya meza, kulia, palikuwa na mkasi, pini, chaki, na kopo la vifungo lililokaribia kuisha. Kushoto palikuwa na kopo jingine kama lile, limejaa pomoni, na juu ya kifuniko chake palikuwa na vumbi.

"Shati mnalilazaje wakati wa kumalizia?" aliuliza.

"Kifua juu, kola kule mbele."

"Na joho?"

"Joho tunalilaza kifudifudi. Zipu yake iko mgongoni."

Mama Kiti alilaza shati mbele yake, kifua juu. Mkono wa kulia wa shati, ule uliosahauliwa, ukaangukia upande wake wa kushoto. Akaliondoa, akalaza joho kifudifudi. Pindo lililoning'inia nalo likaangukia upande wake wa kushoto.

Fundi Mkuu aliinama akatazama, akatazama tena. Kisha akakaa juu ya sanduku la mashati.

"Mpangilio upo," Mama Kiti alisema. "Hakuwa anakosea shati, wala joho. Alikuwa anaacha upande wake wa kushoto, chochote kilichokuwa pale."

Msaidizi wa karibu wa Fundi Kola alikuwa mwanamke mnene mchangamfu aliyekaa meza ya mbele yake, wenzake wakimwita Chaki kwa sababu hakukosa kipande nyuma ya sikio. Alikuwa amejikaza kisabuni tangu polisi waingie. Sasa machozi yalimtoka.

"Mwenzangu hata chakula alikuwa anaacha hivyo hivyo," alisema. "Anakula nusu ya sahani, nusu ya kulia, anasema kimeisha, na njaa inamuuma. Nikawa naigeuza ile sahani. Anashangaa, anasema, 'Kumbe kipo!' anakula. Nikamtania kwamba sahani yake imelogwa. Tukacheka sana, afande. Mungu anisamehe, tulicheka."

"Alikuwa anaumwa?"

"Kichwa. Asubuhi ndiyo ilikuwa balaa. Anafika hapa amekishika kwa mikono miwili, anasema aliamshwa nacho. Ikifika saa nne kinatulia. Akiinama kuokota pini kinaanza upya, mpaka nikawa namwokotea mimi. Alinunua miwani, alimeza vidonge vya kila rangi."

"Anatapika?"

"Ee! Tena bila hata kuchefukwa. Anaongea vizuri, anatapika, anajifuta, anaendelea na maneno yake. Tukasema ana mimba. Akaapa hana. Basi tukasema anaficha." Chaki alishusha sauti. "Halafu usingizi. Mtu hodari kama yule, analala juu ya cherehani mchana kweupe."

"Na ukimwita?"

"Nikiwa huku dirishani ananiona. Nikipita kwenye njia nikamwita, anaitika, lakini anaangalia dirishani. Mara nyingi tu."

Koplo aliacha kuandika.

Mama Kiti aliinuka, akaomba futi ya kushonea. Akapima kona ya meza ya nyuma, iliyotokeza kwenye njia ya kuendea mlangoni, kutoka sakafuni. Sentimita tisini.

"Viatu vyake vya kazini ni vipi?"

Chaki alivitoa chini ya meza, kandambili za soli nene. Mama Kiti akapima soli. Sentimita mbili.

"Themanini na nane na mbili," Koplo alisema polepole. "Nyonga."

"Kila jioni akitoka hapa kona hii iko kushoto kwake, naye haioni. Bega, nadhani, ni fremu ya ule mlango. Kiwiko, chagua mwenyewe. Vidole viwili vimeungua kwa sababu mkono wa kulia umeshika pasi na wa kushoto umesahauliwa juu ya kitambaa. Hakuna aliyempiga, Koplo. Alikuwa anajigonga."

"Lakini hiyo ni dhana, afande. Mwendesha mashtaka atasema fundi alikuwa mzembe na mume alikuwa mkali. Vyote viwili vinawezekana."

"Kweli. Basi tuipime dhana. Aliandika wapi vipimo vya wateja?"

Daftari lilikuwa kwenye droo, kubwa, la jalada gumu. Mama Kiti alilifungua mwanzoni mwa mwaka. Mistari ilianza kushoto kabisa, hati nzuri iliyosimama: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Mwezi wa tatu mistari ilianza vidole viwili kutoka ukingoni. Mwezi wa tano, vidole vinne. Kurasa za mwisho, za wiki iliyopita, nusu nzima ya kushoto ilikuwa nyeupe, na maneno yote yamesongamana kulia kama watu waliokimbia mvua na kubanana chini ya paa moja.

Alizifunua kurasa moja moja, tarehe kwa tarehe, akipima kila ukingo kwa futi. Haukuwahi kurudi nyuma hata mara moja.

"Mume anasema miezi mitatu hajaangaliwa," alisema. "Hapa ni zaidi ya miezi minne. Ugonjwa ulitangulia ugomvi. Na unaona unavyosogea? Uzembe hauna adabu ya kuongezeka kidole kimoja kila mwezi. Kuna kitu ndani ya kile kichwa, nacho kinakua."

Alifunga daftari. Hofu ilimshika, kwa sababu mwanamke yule alikuwa bado amelala katika wodi ya majeruhi, akitibiwa kwa kipigo ambacho hakupigwa.

"Piga simu mahabusu. Muulize mume swali moja tu. Mezani anakaa upande gani wa mkewe?"

Koplo alitoka nje na simu. Alirudi uso umebadilika.

"Kushoto. Na kitandani, kushoto. Amesema ni hivyo tangu walipooana."

* * *

Daktari wa wodi alikuwa kijana mwembamba ambaye macho yake yalionyesha hakuwa ameona kitanda tangu jana. Walimkuta kando ya mgonjwa akivaa glavu. Juu ya meza ndogo ya magurudumu palikuwa na sindano ndefu na vichupa vitatu vitupu. Upande wa kulia wa kitanda alikaa mama mzazi wa Fundi Kola, amemshika binti yake mkono.

"Mmemfunga yule muuaji?" mama alimuuliza mkaguzi.

"Bado, mama. Nipe dakika kumi na daktari." Akamgeukia kijana. "Dokta, hiyo sindano ni ya nini?"

"Natoa maji ya uti wa mgongo. Eksirei ya fuvu haina ufa, lakini anazidi kuzama, na tangu asubuhi ana homa kidogo. Nataka kuona kama kuna maambukizi."

"Nisikilize kwanza, nakuomba. Mimi si mganga. Nitakwambia nilichokiona tu."

Akamwambia. Mashati, majoho, sahani, daftari. Kichwa cha alfajiri kinachotulia saa nne. Kutapika bila kuchefukwa. Usingizi wa mchana. Alisema kwa mpangilio, bila kutia chumvi, na kadiri alivyosema ndivyo daktari alivyovua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Nani amekwambia haya yote?"

"Mashati."

Daktari hakuuliza zaidi. Alichukua kifaa chenye taa ndogo, akainua kope la mgonjwa, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusana na pua. Jicho la kulia, kisha la kushoto. Alikaa hapo muda mrefu. Kisha akanyooka.

"Muuguzi! Ondoa hii meza. Inueni kichwa cha kitanda. Nataka ile dawa ya sindano ya kupunguza uvimbe, sasa hivi, na gari la wagonjwa la kwenda hospitali kuu kwenye mashine ya picha. Waambie kichwa, haraka."

Kisha akamvuta Mama Kiti pembeni. Koplo akafuata.

"Nyuma ya jicho kuna mahali mshipa wa fahamu unapoingilia," daktari alisema. "Kwake pamevimba, macho yote mawili. Ni alama ya shinikizo ndani ya fuvu. Fuvu ni sanduku lisilotanuka, mama. Ndani mna ubongo, damu na maji kidogo, vimepangwa vikatosha. Kikiongezeka chochote, uvimbe, damu iliyovuja, usaha, hata maji yenyewe yakikosa pa kupitia, hakuna nafasi ya ziada. Vyote vinabanana. Mtu akilala usiku kucha shinikizo linapanda, ndiyo maana anaamka na maumivu, akisimama yanapungua, akiinama yanarudi. Anatapika. Anaanza kusinzia. Mwisho haamki."

"Na ile sindano yako?"

"Ukitoa maji chini wakati juu kumebana hivyo, ubongo unaweza kushuka na kujibana kwenye tundu la chini ya fuvu. Anakata pumzi palepale. Ningemwangalia macho kwanza. Nataka kuamini ningemwangalia. Faili lilisema kipigo, nami nikatibu faili."

"Nasi tuliliandika," Mama Kiti alisema. "Usijibebeshe peke yako. Niambie habari ya kushoto."

"Upande wa kulia wa ubongo ndio unaotunza upande wa kushoto wa dunia. Hapa, juu na nyuma ya sikio. Pakibanwa, mtu si kipofu. Jicho linaweza kuwa zima kabisa. Lakini akili haiendi tena upande ule. Kwake upande ule haupo, na hajui kwamba haupo. Ndiyo maana alimwambia bosi wake shati limekamilika. Ukimwita kutoka kushoto, atakujibu huku anakutafuta kulia."

Koplo alikuwa amefungua kitabu chake cha maelezo, ukurasa wa asubuhi. Alisoma mstari mmoja kwa sauti ndogo, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeuandika.

"'Ilikuwa kama sipo.'"

Magurudumu ya machela yalisikika yakija.

* * *

Saa kumi kamili faili liliwekwa mezani kwa mwendesha mashtaka, na juu yake shati moja, joho moja na daftari. Mwendesha mashtaka, mtu asiyependa maonyesho, alisikiliza shingo upande. Kisha alilaza joho kifudifudi kwa mikono yake mwenyewe, akalitazama, na kusema atasubiri picha.

Picha ilifika kabla ya giza. Uvimbe wenye ukubwa wa yai la kuku ulikuwa umeota kwenye utando unaofunika ubongo, kulia, juu ya sikio, na ubongo umesukumwa upande. Madaktari walisema ni wa aina inayokua polepole, huenda ulianza miaka kadhaa nyuma, na mara nyingi hausambai. Kuhusu kipigo hapakuwa na dalili yoyote. Pigo la sakafuni lilikuwa limeacha nundu ya ngozi tu. Hakuwa ameugua kwa sababu ya kuanguka. Alianguka kwa sababu ya ugonjwa.

Alhamisi asubuhi mpaka rangi alirudishiwa mkanda wake na kamba za viatu. Mama Kiti alimweleza yote, taratibu, wakiwa wamekaa kwenye benchi la mapokezi. Mtu yule alisikiliza bila kumkatiza. Mwisho aliuliza swali moja.

"Kwa hiyo hakuwa amenichoka?"

"Hilo mimi sina ujuzi wa kulipeleleza," Mama Kiti alisema. "Utamuuliza mwenyewe."

Ijumaa simu ililia kutoka hospitali kuu. Dawa ilikuwa imepunguza uvimbe ulioizunguka ile nyama iliyoota, na mgonjwa alikuwa amefumbua macho. Kesho yake asubuhi wangemfungua kichwa. Daktari wa upasuaji hakuficha: wengi hupona, wengine hawaamki, na upande wa kushoto unaweza kurudi au usirudi. Mwenye la kusema na aje aliseme leo.

Mama Kiti alimchukua mpaka rangi kwa gari la kituo. Koplo aliendesha, ingawa ilikuwa siku yake ya mapumziko na hakuna aliyemwagiza.

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja. Fundi Kola aliegemea mito, amenyolewa nusu ya kichwa, amekonda, lakini macho yalikuwa na uhai. Mama yake alikaa kulia, upande wa dirisha, akimnywesha maji kwa kijiko. Mlango ulifungukia kushoto. Mume aliingia, akasimama pale pale karibu na kitanda, kofia mkononi.

"Mke wangu," alisema.

Fundi Kola aliisikia sauti, hilo lilikuwa wazi, kwa maana uso wake ulichangamka. Aligeuza kichwa kulia, akaangalia dirishani. Akatafuta kwenye pazia. Akatafuta nyuma ya bega la mama yake.

"Mke wangu, niko hapa."

Akazidi kugeuka kulia, paji la uso limekunjamana.

Mpaka rangi alifunika uso kwa kofia. Kujua sababu hakukuwa kumemsaidia kitu. Maumivu yalikuwa yaleyale ya miezi mitatu, mezani, kitandani na mlangoni mwa jikoni, na alilia mbele ya watu bila kujali.

Mama Kiti alizunguka kitanda.

"Mama," alimwambia yule mzazi kwa upole, "nakuomba hicho kiti."

Mama mzazi alimtazama mkaguzi, kisha akamtazama mkwe wake, mtu aliyemwita muuaji kwa siku tano mfululizo, kwa kila aliyepita. Aliweka kijiko mezani. Alisimama kwa shida, akashikilia ukingo wa kitanda, akazunguka mpaka alipo mkwe wake, akamshika mkono.

"Njoo mwanangu," alisema. "Njoo ukae huku. Tulikuwa tumekukosea mahali."

Akamwongoza, akamkalisha kwenye kile kiti chenye joto lake, upande wa dirisha.

Fundi Kola alimwona. Alimtazama kwanza kofia, kisha mikono yenye madoa ya rangi, kisha uso, na mkono wake wa kulia ukainuka kutoka kwenye shuka.

"Kumbe upo," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, ina lawama ndani yake. "Siku zote hizi nakusikia, nakutafuta nyumba nzima sikuoni. Nikadhani umenichoka. Ulikuwa wapi?"

Mpaka rangi aliushika ule mkono, akauweka kwenye shavu lake.

"Nilikuwa hapa hapa," alisema. "Niangalie."

Akamwangalia.